Mama, Ongeza Redio

Redio ilikuwa ya Nyamvula. Alitoka nayo kwao Kinango, ameifunga ndani ya leso, siku aliyokuja Bofu, Likoni, kwa mwanawe ili atibiwe jicho. Ilikuwa redio ndogo nyeusi yenye kishikio. Ilikula mawe matatu manene, yaani betri, na mgongoni ilikuwa na tundu la waya kwa wenye stima. Kule kwao tundu hilo lilikuwa halina kazi, limejaa vumbi. Randu, mwanawe, ndiye aliyelipangusa. Akanunua waya, akauchomeka ukutani, akayatoa mawe na kuyatupa jaani.

"Hapa ni mjini," alimwambia. "Mama yangu mimi hasikizi redio ya mawe kama mtu aliye porini."

Nyamvula alifurahi. Akawekewa kiti ukumbini nje ya chumba, waya ukapitishwa chini ya mlango, naye akawa anasikiliza mahubiri asubuhi, kwaya mchana, na matangazo ya vifo jioni. Mwanawe anamheshimu. Akirudi kazini humsalimu kwa kuinama. Mkaza mwana wake, Kafedha, aliyempeleka mtoto wao Gladys kulelewa kwa wazazi wake, humchemshia maji ya kuoga bila kuambiwa. Aliona kwamba Mungu hakumsahau.

Mpaka ikaja jioni moja ambapo Randu alimwita mkewe chumbani, akausukuma mlango, na kabla ya kuufunga akachomoza kichwa.

"Mama, hebu ongeza redio."

Aliiongeza. Alidhani ule wimbo umempendeza. Kisha nyuma ya mlango akasikia kitu anachokijua. Alikisikia miaka yote katika nyumba ya marehemu mumewe, ila wakati huo aliyekuwa akipigwa ni yeye. Mkono wake ukabaki juu ya kile kitufe. Hakukirudisha. Alikizungusha tena kidogo, safari hii kwa hiari yake mwenyewe, kwa sababu ukumbini kulikuwa na watu na aibu ya mwanawe ni aibu yake.

Toka siku ile ikawa desturi. Nyumba ilikuwa ya vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, na mita moja ya stima kwa wote. Wapangaji walijifunza kuisoma ile redio. Ikipaa ghafla, Jerioth wa chumba cha mkabala alimwita mumewe Phineas ndani na kufunga dirisha. Bi Mwanatabu, mwenye nyumba, alivuta tasbihi yake na kusoma kwa sauti. Kesho yake Kafedha alikaa kwenye kibanda chake kando ya barabara, anakaanga viazi vya karai, leso ameifunga mpaka shavuni.

"Jino tena?" wateja walimuuliza.

"Jino," alijibu, akiwamiminia ukwaju.

"Si uling'oe!"

Na wote walicheka, naye pia.

*

Jumamosi ile asubuhi Bi Mwanatabu alipita ukumbini kuchangisha fedha za tokeni za stima. Alikuwa mama mtu mzima, mzaliwa wa Likoni, mwenye maneno taratibu lakini asiyesahau.

"Hodi, Randu. Umeamkaje, baba?"

"Salama, Bi Mwanatabu. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja kwa ile mia yangu ya stima. Na hamsini ya redio."

Randu alikuwa anafunga kamba za viatu vya kazi. Alikuwa kibarua kwenye yadi ya makontena huko Changamwe, na wiki ile nzima msimamizi alikuwa akinyoosha kidole kuwachagua wenzake kwa kazi ya siku, yeye akimruka kana kwamba ni nguzo.

"Redio pia inatozwa?"

"Inalia toka alfajiri mpaka watu walale. Vyumba vingine havina redio."

"Vyumba vingine vina friji! Jerioth ana friji. Redio hii inakula nini?"

"Jerioth analipia friji yake, baba. Muulize."

Jerioth alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Alikunywa chai ile polepole mno, akitazama.

"Mwanangu," Nyamvula akaingilia, "mimi nirudishie mawe yangu tu. Mawe hayamsumbui mtu."

"Mama, nyamaza." Alilisema kwa upole, lakini mshipa wa shingo ulikuwa umemtoka. "Bi Mwanatabu, nitakulipa nikirudi."

"Wiki jana pia ulisema ukirudi. Wallahi mimi sina ugomvi. Wenzio hawatakulipia tena. Nitanunua kwa kiasi kilichopatikana, na stima zikiisha, zimeisha. Tutakaa kiza sote."

Alikwenda zake, kanzu yake ikiburura sakafuni. Randu alibaki katikati ya ukumbi na kamba moja ya kiatu mkononi. Mkewe alikuwa keshatoka kwenda sokoni kununua viazi, na hilo lilikuwa bahati yake asubuhi hiyo.

*

Yadini hakuchaguliwa. Alikuwa amekwenda na gunia kwapani, na ndani ya gunia mlikuwa na karai la mkewe, lile kubwa la chuma, jeusi kwa mafuta ya miaka. Alijiambia kwamba akichaguliwa atarudi nalo. Alipokosa, alilipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Pesa alizopata alizitia kwenye simu na kubeti mechi mbili za mchana. Moja ilimpa moyo hadi dakika za mwisho.

Kafedha alifika nyumbani alasiri, debe la viazi kichwani. Alimwamkia mama mkwe, akamenya viazi uani, akakata, akatia manjano na pilipili, akakoroga unga. Mkaa uliposhika akaenda kulichukua karai mahali pake nyuma ya pipa. Alitafuta nyuma ya pipa. Alitafuta chini ya kitanda. Akarudi nyuma ya pipa.

"Mama, hujaona karai?"

"Sijaliona, mwanangu. Jicho hili lenyewe unalijua."

Jerioth alikuwa anaanika nguo. Alimtazama Kafedha akizunguka pale uani, unga ukianza kukauka vidoleni, na akashindwa kuvumilia.

"Mama Gladys, usijisumbue. Bwanako alitoka nalo asubuhi. Kwa gunia. Nilimwona na haya macho yangu."

"Alitoka nalo kwenda wapi?"

"Aki mimi sijui. Lakini karai halipelekwi yadi."

Kafedha alikaa chini, palepale kwenye saruji iliyolowa. Viazi vilikuwa vimekwisha kukatwa, na kiazi kilichokatwa hakingoji kesho. Wateja wa jioni, wale wanaoshuka feri na njaa, wangekikuta kibanda kimefungwa na kwenda kwa mwingine. Hakulia. Alianza kuvirudisha viazi ndani ya maji kimoja kimoja, na hakuwa anajua ni kwa nini.

Hapo ndipo Randu alipoingia.

"Baba Gladys," akasema bila kuinuka, "karai langu liko wapi?"

"Karai gani?"

"Lile linalokulisha."

Uani kulikuwa na Jerioth, na Phineas aliyekuwa anarekebisha baiskeli, na Bi Mwanatabu aliyekuwa anatawadha. Kila mmoja alisikia. Pengine Kafedha angelisema chumbani mambo yangekuwa mengine, au yangekuwa yaleyale. Lakini lilisemwa uani, na likabaki pale hewani, na Jerioth akakohoa kicheko.

"Inuka," Randu alisema. "Njoo ndani tuongee."

"Tuongee hapa. Niambie mbele ya watu umeliuza kwa nani nikalikomboe."

Randu alimshika mkono juu ya kiwiko akamwinua, na beseni la viazi likapinduka. Walipita ukumbini mbele ya Nyamvula. Kafedha alimtazama yule mama, akamtazama hasa, kama mtu anayetaka kuuliza njia. Nyamvula aliangalia mikono yake.

Mlango ulifungwa nusu. Kichwa cha Randu kikachomoza.

"Mama, ongeza redio."

*

Kwaya ya vijana ilikuwa inaimba. Nyamvula alizungusha kitufe mpaka mwisho, sauti zikapasuka, spika ikawa inakwaruza. Uani Phineas aliacha baiskeli yake magurudumu juu akaingia chumbani kwake. Jerioth alimfuata, akafunga mlango, halafu dirisha.

Ndani, Randu alitumia mkanda kwanza. Alikuwa akipiga kimya kimya, mdomo amebana, kama mtu aliye kazini. Kafedha alijikunja baina ya kitanda na kabati akaficha uso. Mkanda uliponasa kwenye mguu wa kitanda aliuacha, akatumia ngumi, kisha mguu wenye kiatu cha kazi, kile chenye chuma mbele. "Linalokulisha," alikuwa akisema. "Linalokulisha, eh? Linalokulisha." Kafedha alinyoosha mkono wa kulia sakafuni ajiinue. Randu aliukanyaga.

Na stima zikaisha.

Kwaya ilikatika katikati ya neno. Taa ya ukumbini ilizimika, friji ya Jerioth ikatetemeka ikanyamaza. Kulikuwa bado na mwanga wa jioni mlangoni, wa kutosha mtu kumwona mwenziwe. Na katika kimya kile sauti ya Kafedha ilitoka wazi kabisa, wala hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anaomba, kwa sauti ya chini, ya adabu, kama anayebembeleza bei sokoni.

"Si mkono huu, baba. Nipige kwengine. Huu ni wa kazi. Nakuomba kwengine, baba."

Kisha kitu kikalia, kikavu. Kafedha akatoa mlio ambao haukuwa neno.

Nyamvula aliketi na redio iliyokufa mapajani. Zile siku nyingine zote alikuwa amesikia kwa mbali, kama mtu asikiaye mvua ya kijiji cha pili. Maneno hakuwahi kuyasikia. Maneno haya aliyajua. Aliwahi kuyasema mwenyewe, karibu yote, akiwa na mimba ya huyu Randu, na mama mkwe wake alikuwa nje akitwanga mahindi, akatwanga kwa nguvu zaidi.

"Mama!" Randu aliita toka ndani. "Redio!"

"Stima zimekwisha, mwanangu."

"Tia mawe!"

"Mawe ulitupa."

"Nenda kwa Rashad ukanunue! Watu wanasikiliza!"

Akainuka. Alikuwa mwanamke aliyefunzwa kuinuka akisikia sauti ya mwanamume, na ile sauti ilikuwa ya marehemu mumewe, haikupungua kitu. Aliiweka redio kitini, akajifunga leso, akatoka.

Duka la Rashad lilikuwa ukuta kwa ukuta na nyumba ile. Rashad, kijana wa Kidigo mwenye ndevu chache, alikuwa amesimama nje ya duka lake, na pamoja naye wanawake wawili na dereva wa tuktuk. Walikuwa wanaliangalia dirisha la chumba cha Randu. Walipomwona Nyamvula wakamgeukia.

"Nipe mawe ya redio," alisema. "Yale manene. Matatu."

Rashad hakusogea mara moja. "Mama, huyo anayelia ni Kafedha?"

"Nipe mawe, baba."

Aliingia, akainama chini ya meza, akayatoa. Aliyapangusa vumbi kwa kanzu. "Haya yamekaa sana. Siku hizi hakuna anayeyataka." Aliyapanga mezani moja moja. Nyamvula akafungua pindo la leso kutafuta sarafu, na Rashad akauzuia mkono wake.

"Sitaki pesa zako. Niambie tu utatuwekea nini, tujue. Kwaya ama mahubiri?"

Mmoja wa wale wanawake alisema, "Rashad, mtu mzima huyo!" lakini hakuwa anamtetea. Nyamvula aliyakusanya mawe matatu, akayatia kwenye pindo la leso pale palipokuwa na sarafu, akalifunga fundo. Yalikuwa mazito kuliko alivyokumbuka.

Njiani, hatua zile chache za kurudi, alikuwa bado anakwenda kuyatia kwenye redio. Hilo alilikiri baadaye, wala hakujipamba.

*

"Randu. Fungua."

"Umepata?"

"Nimepata."

Mlango ulifunguliwa. Randu alikuwa ametota jasho, shati limemtoka, na mkono aliunyoosha mbele, kiganja juu, kupokea mawe. Nyuma yake Kafedha alikuwa sakafuni, mgongo kwenye kabati, ameukumbatia mkono wake wa kulia. Mkono ule ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

"Lete basi, mama," Randu alisema, akipumua. Hakuwa na hasira naye. Alizungumza kama wanavyozungumza watu wa nyumba moja wanaosaidiana kazi. "Umekawia. Watu wamejaa nje."

Nyamvula alilizungusha lile pindo kutoka begani.

Mawe yalimpata Randu tayani. Sauti ya pigo ilikuwa sawa na ile aliyoisikia mwanzo, kavu. Alipepesuka, akashika fremu ya mlango, akamtazama mamake kwa mshangao wa mtoto, damu na jino vikimtoka. "Ma—" alisema. Nyamvula akampiga tena, juu ya sikio. Randu alianguka, kisogo kikagonga kizingiti. Akampiga begani, akampiga mgongoni, akapiga sakafu, akampiga. Hakuwa anamwita kwa jina lake. Alikuwa akimwita kwa jina la baba yake.

Aliyemzuia ni Kafedha. Alitambaa kwa magoti, akamshika yule mama kiunoni kwa mkono wake mzima, akaegemeza kichwa mgongoni pake.

"Mama, basi. Utamuua. Mama, basi."

Milango ikafunguliwa sasa. Phineas alitoka, Jerioth alitoka, Rashad akaingia mbio na yule dereva. Wote walikuwa wepesi. Walimbeba Randu mpaka kwenye tuktuk, wakamweka Kafedha kando ya dereva, wakawakimbiza hospitali. Nyamvula aliachwa ukumbini. Alijikalia kwenye kiti chake baada ya kuisogeza redio.

*

Polisi walikuja wawili kabla giza halijaingia sawasawa. Mkubwa wao alimulika damu pale kizingitini kwa simu.

"Nani alikuwepo?"

Jerioth ndiye aliyejibu kwanza. Alikuwa amejipanga. "Sisi hatujui, afande. Hatukusikia kitu. Redio ilikuwa juu sana."

"Ni kweli," Phineas akasema. "Redio ya mama huyu. Ikiwa juu husikii hata mtu akikuita."

"Pengine ni wezi," akaongeza Bi Mwanatabu, tasbihi mkononi. "Vijana wa mapanga wako wengi siku hizi. Huyu ni mama mtu mzima, afande, mgonjwa wa jicho. Hajui lolote."

Walikuwa wanamsitiri. Aliliona hilo, na akaona vilevile jinsi walivyolizoea neno lile, jinsi lilivyowatoka kwa urahisi. Kwa hakika walikuwa wamelitumia kwa nafsi zao jioni nyingi kabla ya kumpa afande.

"Redio haikuwa inalia," Nyamvula alisema.

Afande akamgeuzia mwanga. Jerioth akasema kwa haraka, "Mama, nyamaza, umechoka."

"Stima zilikuwa zimekwisha. Walisikia wote. Na leo walisikia, na zile siku nyingine walisikia. Mimi pia nilisikia, mimi ndiye niliyekuwa naiongeza." Alilifungua fundo la leso, akayatoa mawe. Moja lilikuwa limepasuka, uji mweusi unatoka. "Nimempiga kwa haya."

"Ulimpiga nani?"

"Yule mliyeambiwa kapigwa."

"Yule ni nani wako?"

"Mwanangu," alisema. "Sina mwingine."

Afande alishusha ile simu. Pengine alitamani asingeuliza. Bi Mwanatabu aliketi chini ukutani, akajifunika uso kwa ushungi. Nyamvula aliinuka, akajinyoosha leso, akatangulia mlangoni mbele ya polisi.

*

Kafedha alikwenda kituoni Jumatatu asubuhi. Mkono ulikuwa ndani ya plasta, na jicho moja limevimba likafumba. Alikuwa amevaa nguo za Jerioth. Askari wa kaunta alimpa dakika chache, wakakaa benchi moja kwenye ujia, Nyamvula miguu mitupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mkono?"

"Vidole viwili daktari hana hakika navyo. Vingine vitapona."

Nyamvula alivitazama vidole vilivyochungulia kwenye plasta, vimevimba kama ndizi. Alitaka kuvigusa akaogopa. Askari mmoja alipita na ufunguo, akapita tena.

"Yu hai?"

"Yu hai."

"Anasema?"

"Hawezi. Taya limefungwa kwa waya. Polisi walimpa karatasi aandike, akaikataa. Sikio moja wanasema halitasikia."

Nyamvula aliitikia kwa kichwa, mara nyingi kuliko inavyohitajika. Midomo yake ilikuwa inatafuta swali, na Kafedha alilijua kabla halijatoka.

"Anakula?"

"Uji. Kwa mrija."

"Nani anamnywesha?"

Kafedha alitazama sakafu. Alikuwa amelifikiria jambo hili usiku wote, akijiambia kwamba atadanganya, aseme ni yeye anayemnywesha.

"Wauguzi," alisema. "Mimi siendi, mama. Nilifika mlangoni pa wadi nikarudi. Siendi tena."

"Usiende," Nyamvula alisema mara moja. "Usiende hata kidogo. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mwambie nani… " Akaanza tena. "Uji wa moto haupendi. Toka mdogo. Lazima upoe kwanza, ndipo…"

Alijifunika kichwa chote kwa leso akalia, kwa sauti, kama wanavyolia matangani kwao Kinango, mpaka yule askari wa kaunta akainuka kuona kuna nini. Kafedha alimzungushia mkono wake mzima. Alimlaza kifuani, akamwacha amlilie mwanawe.